Mhandisi wa Herufi D

Barney Truscott alikuwa na imani moja tu maishani: popote mtu anapoficha kitu, hapo pana riziki. Kwa hiyo asubuhi ile ya Oktoba, alipokata kona ya mtaa mmoja wa Jackson Heights, New York, huku akitafuna arepa, mkate wa mahindi wenye jibini, iliyomuunguza ulimi, akamwona mzee nadhifu anasukuma chungu cha maua kwa goti, alisimama kutazama. Mzee alisukuma, akarudi nyuma, akapima kwa jicho, akasukuma tena. Majani mapana ya ule mmea yakafunika karatasi iliyobandikwa kando ya mlango. Upepo ukavuma, majani yakasogea, na Truscott akaona kilichokuwa kinasitiriwa. Ilikuwa herufi moja, nyeusi, kubwa, isiyo na haya: D.

Sheria yenyewe haina ubaya, tuiseme kwa heshima. Kila jengo kubwa mjini lipime umeme na gesi liliyotumia mwaka mzima, lipeleke hesabu kwa jiji, jiji nalo lililinganishe na wenzake wa rika moja na litoe herufi. A ni ya wenye adabu. D ni ya wafujaji. F wamewekewa wale ambao hata hesabu hawakupeleka. Kisha herufi ibandikwe mlangoni, kila mpita njia aione, kama mtoto aliyerudishwa nyumbani na ripoti ya shule imeshonwa kwenye paji la uso.

Jengo lile liliitwa Cordova. Lingekuwa peke yake mtaani, D ingevumilika. Lakini ng'ambo ya barabara lilisimama Ashgrove, jengo la umri uleule na matofali yaleyale, nalo lilikuwa na B, na watu wake walikuwa wameiwekea taa. Kwa mtu wa Cordova hiyo ilikuwa sawa na kufiwa, halafu unayemshuku kuwa mchawi ndiye aje kukupikia msibani.

Truscott alimaliza arepa yake, akajifuta vidole, akaenda zake. Aliporudi kesho yake alikuwa na kofia ngumu nyeupe, kizibao cha rangi ya machungwa kinachong'aa, na ubao wa kuandikia. Katika mji wa New York mtu aliyevaa hivyo haulizwi anakwenda wapi. Anaulizwa atamaliza saa ngapi.

Hakubisha hodi. Wanaobisha hodi ni wauza mashine za kufagia. Yeye alisimama nje, akaweka kiganja ukutani kama daktari, akatega sikio, akatikisa kichwa, akaguna, akaandika. Akasogea matofali mawili, akaguna zaidi. Haikuchukua muda mzee wa chungu akatoka. Alikuwa Howard Dinsmore, mwenyekiti wa kamati ya jengo, mtu aliyekuwa akitaka kuuza fleti yake ahamie Florida kwenye jua, na kila mnunuzi aliyefika alisoma ile herufi kwanza, akaingia ndani akiwa ameshakata bei.

"Kuna tatizo?" akauliza Dinsmore.

"Hapana, mzee. Tatizo ni kitu kidogo." Truscott hakuinua macho kwenye ubao wake. "Mvuke wenu una hasira."

Dinsmore alikuwa ameishi na huo mvuke tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alikuwa akiusikia usiku ukigonga mabomba kama mpangaji aliyefungiwa nje. Hakuna mtu aliyewahi kumpa maelezo yenye akili kama hayo. Akamkaribisha mhandisi ndani.

Nisikuchoshe na yote aliyosema mhandisi akiwa sebuleni kwa Dinsmore, maana mengine hata yeye alikuwa akiyasikia kwa mara ya kwanza. Kwa ufupi ni kwamba Wadenmaki, watu wa baridi na akili, walikuwa wamegundua kifaa kiitwacho kitulizo. Kitulizo hubandikwa juu ya kila redieta, vile vyuma vya mvuke vinavyosimama chini ya madirisha ya nyumba zetu. Mvuke ukifika humo hutulia, jengo huacha kula gesi kama fisi, na herufi hupanda yenyewe. Alitoa kimoja mfukoni. Kilikuwa tufe la shaba, zito, linang'aa, kubwa kama limau. Alimwachia Dinsmore alishike, kwa sababu kitu kizito mkononi huzungumza kuliko mdomo.

Jioni kamati ilikutana chumba cha chini, kando ya mashine za kufulia. Kulikuwa na swali moja tu, nalo lilikuwa pesa zitoke wapi, na pesa iliyokuwepo ilikuwa moja tu pia: mfuko wa lifti. Lifti ya Cordova ilikuwa imefika umri wa kupanda kwa hiari yake. Kuna siku ilipanda, kuna siku ilisimama katikati ya ghorofa ikatafakari. Wakazi walikuwa wamechanga kidogo kidogo wanunue mpya, na aliyechanga kwa moyo kuliko wote alikuwa Perla Ocampo wa ghorofa ya sita, Mfilipino aliyestaafu uuguzi baada ya kukesha na wagonjwa wa hospitali ya Elmhurst nusu ya umri wake.

Perla alisimama. "Bwana mhandisi, mimi nakaa juu kabisa. Goti langu la kushoto limestaafu kabla yangu. Hizo unazozitaka ni pesa za lifti."

Truscott alivua kofia, akaishika kifuani. "Mama, akiba ya gesi itakununulia lifti mbili. Moja ya kupanda, moja ya kushuka."

Watu wakacheka, na mtu akishacheka mkono wake hunyanyuka kirahisi. Walipiga kura. Mkono uliopinga ulikuwa mmoja, na ulikuwa wa Perla.

Hapa ndipo ilipoonekana kwamba Truscott si kibaka wa juzi. Tapeli mchanga huuza dawa. Tapeli aliyekomaa huuza masharti. Ni kama mganga anayekupa mzizi na kukuambia usile bamia wala usivuke njia panda ukiwa na deni. Ukiugua tena, lazima ulikula bamia. Truscott alitafuta sharti ambalo watu wa Cordova hawataliweza hata wakifungwa kamba, na hakulitafuta mbali. Alitoka nje na kuangalia juu. Ilikuwa baridi ya kutosha kuvaa skafu, na nusu ya madirisha ya jengo yalikuwa wazi.

Kwa sababu ndivyo tunavyoishi katika nyumba za mvuke. Gesi hulipwa kwa pamoja ndani ya mchango wa mwezi, kwa hiyo haimwumi mtu mmoja mmoja. Mvuke ukizidi, hakuna anayesema upunguzwe. Mtu hufungua dirisha. Ubaridi ukiingia hutambaa chini ya milango hadi kwa mzee wa ghorofa ya pili, naye anampigia simu msimamizi wa jengo, Zef, Mwalbania mpole anayeishi kando ya boila, tanuri linalochemsha mvuke. Zef anaongeza moto ili simu iache kulia. Wa juu wanaokwa, wanafungua dirisha la pili. Hivyo ndivyo Cordova ilivyokuwa ikiupasha joto mtaa mzima kila baridi, njiwa wakiwemo.

Basi masharti ya mhandisi yakawa haya. Kitulizo kikishabandikwa, dirisha lisifunguliwe majira yote ya baridi. Mtu asimpigie Zef kudai moto. Akisikia joto, amwambie Zef apunguze. Na dirisha moja tu likifunguliwa, vitulizo vya jengo zima vitaharibika. Alilisema hilo la mwisho polepole, macho yakizunguka uso hadi uso, na watu wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni.

Zef alipewa gundi. Vitulizo vikabandikwa, redieta moja baada ya nyingine, na Barney Truscott akaondoka na pesa za lifti akiwa mtu mwenye amani. Matufe yenyewe alikuwa ameyanunua kwa kilo, kwenye uwanja wa vyuma chakavu huko Maspeth. Ni yale yanayokaa kwenye ncha za vitanda vya chuma vya zamani.

*

Jiji hupima mwaka mzima, kisha huchukua mwaka unaofuata kutoa herufi, kwa hiyo ilikuwa Oktoba ya pili baada ya hapo Truscott alipopita tena Jackson Heights. Hakuja kwa kupenda. Jino lilikuwa limemwamsha, na daktari wa bei nafuu anayemjua yuko huku. Maisha yalikuwa yamemwendea vizuri. Alikuwa amewatulizia mvuke watu wa Newark na wa Yonkers pia, na akiba yake ilikuwa imekaribia kununua baa ndogo ufukweni New Jersey, ambako alitarajia kuzeeka akisikiliza uongo wa watu wengine.

Alipita upande wa Ashgrove, kofia ya kawaida imeshushwa hadi kwenye nyusi. Alisema hataangalia. Akaangalia.

Chungu cha maua hakikuwepo. Karatasi ilikuwa mlangoni, imewekewa taa, na herufi yake ilikuwa B. Ashgrove nyuma yake ilikuwa imeshuka hadi C. Ulikuwa mwanzo wa majira ya kuwasha boila, upepo unauma, na madirisha yote ya Cordova yalikuwa yamefungwa, safu kwa safu, kama wanafunzi walionyamazishwa.

Truscott alisahau jino. Alisimama mdomo wazi kama mtu aliyemzika mbuzi na kumkuta sokoni. Hapo kiganja kikamshika kiwiko.

"Mhandisi," sauti ikasema. "Umekonda."

Alikuwa Perla Ocampo. Truscott alipima barabara, akapima kasi ya basi lililokuwa linakuja, lakini mama huyo hakuwa na uso wa polisi. Alikuwa na uso wa mtu aliyempata mwanawe aliyepotea, na alisema chakula kiko motoni na hatakubali neno hapana.

Walipanda kwa ngazi. Lifti ilikuwa imenyamaza kabisa, mlango wake umefungwa kwa mnyororo. Kufika ghorofa ya nne Truscott alikuwa ameshika ukuta. Perla alikuwa mbele anaongea, anashika reli kwa mkono mmoja na goti kwa mwingine, hatua moja, pumzi, hatua moja. Alimweleza bila lawama kwamba kwa misimu miwili ya baridi hajaenda kanisani isipokuwa Krismasi na Pasaka, kwa sababu kushuka anaweza, kurudi ndiko kunakomliza. Akiba ya gesi ilikuwepo kweli, ila paa lilivuja nalo likaila.

Juu, mbele ya sahani ya pansit, tambi za kwao zenye kamba na kabichi, Truscott akasikia habari za ushindi wake. Watu walikuwa wamevipenda vitulizo kupita kiasi. Hakuna aliyethubutu kuwa yule aliyeharibu jengo zima, kwa hiyo madirisha yalifungwa, na wale waliokuwa hawasalimiani walianza kuchunguzana kwa bidii. Simu ya Zef ikabadilika, badala ya kulia kudai moto ikawa inalia kuomba upunguzwe. Zef akapunguza, akapunguza tena. Mtu pekee aliyekosa sherehe alikuwa Dinsmore, ambaye aliuza fleti yake kwa hasara miezi michache kabla ya B kutoka, na sasa huandika kutoka Florida kuuliza kama ni kweli.

Truscott alimeza pansit na fahari kwa pamoja. Alikuwa anatafuta namna ya kutaja malipo ya pili alipobisha hodi mama mmoja aliyevaa koti la manyoya ambalo hali ya hewa ilikuwa haijaliomba. Perla alimtambulisha kwa uvivu, kama mtu aliyemchoka: Rosalind Tiongson, mwenye majengo Flushing. Rosalind aliketi bila kuvua koti. Majengo yangu yote yana D, akasema, na faini za jiji ziko njiani, na nimekuja kwa mara ya mwisho, niuzie vitulizo. Kisha akataja bei ya kimoja.

Uma wa Truscott ulisimama njiani.

Perla akasema hauzi. Si vyake, ni vya jengo, na watu wamevizoea kama watoto. Akaingia jikoni kuchemsha kahawa, na vyombo vikasikika.

Rosalind akamwinamia Truscott. "Wewe ndiye uliyevileta? Basi nitolee hivyo kwa huyu king'ang'anizi, uniletee. Bei ni ileile."

"Naweza kukupatia vipya, mama. Kutoka Denmaki."

"Vipya sitaki. Nilinunua vipya kwa bwana mmoja wa Newark aliyevaa kofia nyeupe ya mhandisi, havikutuliza hata birika. Nataka hivi vilivyokwisha kuonja mvuke." Akamwachia kadi, akasimama, akaondoka na harufu ya dawa ya kufukuza nondo wa nguo ikimfuata.

Mtu atauliza: Truscott hakujua kwamba ni matufe ya vitanda? Alijua. Aliyanunua mwenyewe kwa kilo. Lakini hakuna aliyemwomba ayaamini matufe. Yeye aliliamini koti la manyoya. Na tuwe wakweli, kulikuwa na upande mdogo wa moyo wake, upande ule uliokuwa umeiona B kwa macho yake, uliokuwa ukinong'ona kwamba huenda shaba ina siri zake.

Perla aliporudi na kahawa, mhandisi alikuwa ameshavaa sauti ya kazi. Alisema kwa masikitiko kwamba vitulizo vikifika umri huo lazima virudi kiwandani kuhudumiwa. Perla akasema vihudumiwe hapahapa, Zef ana brashi. Truscott akasema hapana, ni jambo la usalama. Perla akasema kama ni usalama aite kamati, waandike kwa jiji, wakaguzi waje wavione. Truscott akaona haraka kwamba usalama si neno zuri. Akanywa kahawa, akajaribu tena, safari hii kwa kuvinunua.

"Sisi hatuuzi," Perla akasema.

"Kila kitu kina bei, mama."

"Kweli. Lifti, kwa mfano, imepanda bei tangu ulipochukua zile pesa."

Aliitaja bei ya lifti. Ilikuwa mara mbili ya pesa aliyoondoka nayo Truscott mwanzo, ilikuwa baa nzima ya ufukweni pamoja na viti vyake. Truscott alijaribu nusu, akajaribu robo tatu, akajaribu kuondoka hadi mlangoni. Perla aliendelea kukusanya vyombo. Akiwa amesimama mlangoni Truscott aliitazama ile kadi, akazidisha, akatoa, na kilichobaki kilikuwa baa tatu.

Asubuhi alikwenda benki, akamlipa Perla. Mchana Zef alipita kila fleti na ndoo mbili na patasi, akiwaambia watu kwamba mhandisi mwenyewe anavipeleka kusafishwa, nao walimpa huku wakimsihi awe mwangalifu. Kufikia jioni Truscott alikuwa njiani kwenda Flushing, ndoo ya matufe kila mkono, mabega yamelegea, uso unacheka peke yake kwenye treni.

Anwani ya kwenye kadi ilikuwa uwanja wa kuegesha magari. Alizunguka mtaa mzima, akarudi, akasoma namba. Mlinzi alitoka kibandani, akamtazama, akazitazama ndoo, akamwuliza kwa adabu anataka kuegesha nini.

*

Alimkuta Perla ukumbini Cordova, ameketi kwenye benchi, kando yake Rosalind Tiongson amevaa sweta la kufuma. Koti lilikuwa limerudi kwa mwenyewe.

"Daktari wa meno mstaafu," Perla akasema kumjulisha. "Hucheza nami mchezo wa mahjong. Huwa ananishinda, kwa hiyo nilijua uso wake hausemi yaliyo moyoni."

Truscott akaziweka ndoo chini. "Mmeniibia."

"Tumekuibia nini, mwanangu? Ulitaka vitulizo, umepewa. Zef alivihesabu."

"Haya ni matufe ya kitanda."

"Najua. Kitanda cha shangazi yangu, kule kwetu Iloilo, kilikuwa nayo manne. Niliyajua siku ileile Zef alipoingia na gundi."

Truscott alikaa kwenye ngazi. Akauliza, kwa udadisi wa fundi kwa fundi, kwa nini basi hakusema.

"Nilisema pesa za lifti ziachwe, wakanicheka. Ningesema na habari za kitanda ningeonekana kikongwe mwenye kisirani." Perla alijinyoosha goti. "Nikangoja watu wafungue madirisha nipate la kusema. Hawakufungua. Miaka na miaka kamati ilikuwa ikibandika matangazo, fungeni madirisha, acheni kumsumbua Zef. Nani alisikia? Ukaja wewe na vichwa vya vitanda, wakasikia. Nikanyamaza. Gesi ikashuka. Halafu nikaanza kukusubiri wewe. Watu wa aina yako hurudi kuangalia."

Truscott aliwaza polisi. Alianza kutunga kichwani jinsi atakavyoeleza, na kila alipoanza ilibidi aanzie mwanzo, na mwanzo haukuwa mzuri kwake. Akaacha.

Hapo simu ya Zef ikalia chini kwenye chumba cha boila. Ikakatika, ikalia tena. Zef akapanda, uso umekunjamana, akasema ni mzee wa ghorofa ya pili, anasikia baridi, anataka moto. Na wa ghorofa ya tano wamefungua dirisha, kwa sababu vitulizo havipo, sasa wataharibu nini? Na wa tatu wamemwona wa tano, nao wamefungua.

Kwa mara ya kwanza tangu Truscott amfahamu, Perla Ocampo aliinuka bila kushika goti. Alikuwa amewaza yote isipokuwa hilo. Aliirudisha lifti, na kwa tendo hilohilo alikuwa ameichezea B.

Jicho la Truscott likang'aa. Alizivuta ndoo karibu na miguu yake. "Zinauzwa," akasema, na akataja bei.

Wale mama wawili wakatazamana. "Kuna watu wangapi duniani wanaohitaji matufe ya kitanda yaliyoonja mvuke?" Rosalind akauliza.

"Mmoja," Truscott akakiri. "Lakini yeye anayahitaji sana."

"Na wewe una pa kulala leo?" Perla akauliza.

Truscott alizitazama ndoo zake. Alikuwa ametoa hata pesa ya pango akijua kesho atakuwa tajiri.

Walipatana juu kwa Perla, kabla pansit ya usiku huo haijapoa. Kuna chumba kando ya boila chenye kitanda na joto la bure. Kuna chakula ghorofa ya sita. Matufe yarudi juu ya redieta, na kila mwezi wa baridi mhandisi avae kofia yake nyeupe, apite mlango kwa mlango, atege sikio, agune, na kuwakumbusha watu masharti. Truscott alisema ni kwa muda tu, mpaka ajipange. Perla alisema bila shaka.

Basi akawa mtu wa kazi. Alipita, aligonga shaba kwa kidole, alifunga madirisha. Mwanzoni alifanya kwa kuigiza. Kisha siku moja ya Desemba alilikuta dirisha la ghorofa ya tatu limeachwa wazi na mwenye nyumba hayupo, na akashtuka kujikuta ana hasira ya kweli, anafikiria gesi. Alilala vibaya siku hiyo. Mtu aliyekuwa akiishi kwa uongo safi hapendi kuingiliwa na ukweli uzeeni.

Mafundi wa lifti walikuwa kwenye shimo lao wakati wote huo, na yeye kila alipopanda na kushuka ngazi aliwasikia wakigonga. Aliutambua mlio. Ulikuwa mlio wa baa yake ya ufukweni ikifungwa kwa nati.

Februari lifti ikakamilika. Jumapili asubuhi Truscott alikuwa ghorofa ya nne, ndoo za matufe ya akiba mkononi, jasho linamtiririka chini ya kofia, anahema kama mvuke wa zamani. Akabonyeza kitufe cha lifti, na kengele ndogo ikalia. Milango mipya ikafunguka bila kukwaruza, na ndani alisimama Perla Ocampo peke yake, kwenye mwanga mweupe, amevaa gauni la kanisani na viatu ambavyo havijaguswa na ngazi. Alikuwa ametoka misa, anapanda nyumbani.

Truscott akasogea mbele na ndoo zake.

"Pole, mwanangu," Perla akasema, akinyoosha kidole kwenye kitufe. "Bado mpya. Mafundi wamekataza mizigo mizito."

Milango ikajifunga polepole, na lifti ikapanda hadi juu kabisa bila kusimama popote.